Pembetatu: Jinsi pande na pembe zake zinavyotegemeana

PEMBETATU ni umbo bapa lililozungukwa na mistari mitatu iliyonyooka. Hakuna umbo la mistari iliyonyooka lenye pande chache kuliko hilo, kwa kuwa mistari miwili pekee haiwezi kuzingira eneo lolote. Licha ya uchache huo, pembetatu ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya jiometri ambayo mwanafunzi hukutana nayo tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne.

Kinachoipa nguvu ni jambo moja: pande zake na pembe zake haziishi kila moja kivyake. Ukigusa upande, pembe hubadilika. Ukipanua pembe, upande unaoikabili hurefuka. Mwanafunzi anayeuelewa uhusiano huo hahitaji kukariri kanuni nyingi, na akikosea hesabu atatambua mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani. Asiyeuelewa huandika jibu lolote ambalo kikokotoo kimempa. Nje ya darasa gharama huwa kubwa zaidi, maana kosa dogo la pembe linaweza kuusogeza ukuta wa nyumba hadi kwenye ploti ya jirani.

Makala haya yanaeleza uhusiano huo hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake.

Istilahi

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Pembetatu, likiandikwa kama neno moja, ni jina la umbo. Pembe tatu, yakiandikwa kama maneno mawili, ni idadi ya pembe. Kila pembetatu ina pembe tatu, lakini si kila penye pembe tatu pana pembetatu.

Upande ni mstari mmojawapo wa ile mitatu. Wingi wake ni pande. Pembe ni uwazi ulio kati ya pande mbili zinapokutana, na hupimwa kwa nyuzi. Mzunguko mmoja kamili una nyuzi 360, nusu yake nyuzi 180 na robo yake nyuzi 90. Pembe ya nyuzi 90 huitwa pembe mraba, kwa kuwa ndiyo inayopatikana katika kona za mraba. Iliyo ndogo kuliko hiyo ni pembe kali, na iliyo kubwa kuliko hiyo lakini haijafika nyuzi 180 ni pembe butu.

Humu nchini Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati, ilhali katika shule nyingi za msingi za umma nchini Tanzania somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Kenya huyajua maumbo kwa majina mawili, moja la somo la Kiswahili na jingine la Hisabati, na aghalabu hapati nafasi ya kuyaunganisha. Mzazi anayemsaidia mwanawe jioni hana sababu ya kuona haya kutumia Kiswahili. Kanuni za pembetatu ni zilezile katika lugha zote.

Aina za pembetatu

Pembetatu zinaweza kupangwa kwa njia mbili. Tukiangalia pande, ipo pembetatu sawa, ambayo pande zake zote tatu zina urefu mmoja. Ipo pembetatu pacha, yenye pande mbili zilizolingana. Na ipo ile ambayo kila upande una urefu wake. Tukiangalia pembe, ipo yenye pembe mraba, ipo yenye pembe butu, na ipo ambayo pembe zake zote tatu ni kali.

Mipangilio hii miwili inahusiana. Pembetatu sawa ina pembe tatu zinazolingana, kila moja nyuzi 60. Pembetatu pacha ina pembe mbili zinazolingana, nazo ni zile zinazokabili pande zilizo sawa. Mathalani, ikiwa pembe iliyo kati ya pande hizo pacha ni nyuzi 40, zinasalia nyuzi 140 za kugawiwa pembe mbili sawa, yaani nyuzi 70 kila moja.

Hoja hiyo imetumia kanuni ambayo bado hatujaithibitisha. Sasa tuithibitishe.

Kwa nini nyuzi 180?

Jumla ya pembe za ndani za pembetatu yoyote ni nyuzi 180. Katika madarasa ya chini watoto hupewa karatasi ya umbo la pembetatu, wakazikata pembe zake tatu na kuzipanga bega kwa bega. Pembe hizo hukaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Zoezi hilo linapendeza na linafaa, lakini halithibitishi kanuni. Linahusu karatasi hiyo moja tu, na hakuna mkasi unaoweza kutofautisha nyuzi 180 na nyuzi 179.

Thibitisho lenyewe si refu. Chora pembetatu ABC, BC kikiwa kitako na A ikiwa kileleni. Kupitia A chora mstari ulio sambamba na BC. Chini ya mstari huo, kwenye nukta A, sasa zipo pembe tatu: moja kushoto, moja kulia, na katikati ile pembe A ya pembetatu. Pembe ya kushoto ni sawa na pembe B, kwa kuwa upande AB unaikata mistari miwili sambamba kwa mwinamo uleule. Kwa sababu hiyohiyo pembe ya kulia ni sawa na pembe C. Pembe tatu za pembetatu zimekusanyika basi katika nukta moja juu ya mstari ulionyooka, na pembe ya mstari ulionyooka ni nyuzi 180.

Thibitisho la namna hii, linalotegemea mstari sambamba, limo katika kitabu cha kwanza cha Elements, kazi ya Euclid aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Halikutaja ukubwa wa pembetatu wala urefu wa upande wowote, ndiyo maana linazihusu pembetatu zote za ubao bapa.

Matunda yake ni mengi. Ukijua pembe mbili umeijua ya tatu: nyuzi 50 na nyuzi 60 zinaacha nyuzi 70. Pembetatu haiwezi kuwa na pembe mraba mbili, sembuse pembe butu mbili. Pembe zikiwa katika uwiano wa 1:2:3, gawanya 180 kwa sita upate 30, kisha 60 na 90. Isitoshe, umbo la pande nne hugawanyika katika pembetatu mbili, kwa hiyo pembe zake zina jumla ya nyuzi 360. La pande tano hugawanyika katika pembetatu tatu, na jumla yake ni nyuzi 540.

Pande zisizokubali kukutana

Si kila pande tatu zinaweza kuunda pembetatu. Chukua vijiti vya sentimita 3, 4 na 8. Lala kile cha 8 mezani, kisha weka vingine viwili kwenye ncha zake. Hata ukiviinamisha vipi havitafikiana, kwa kuwa vikiunganishwa vina sentimita 7 tu. Kikiwa cha 7 mahali pa 8, vitafikiana vikiwa vimelala kabisa juu ya kile kirefu, na hapo hakuna pembetatu bali mstari mmoja.

Kanuni ni kwamba jumla ya pande mbili zozote sharti ipite upande wa tatu. Inatosha kuujaribu ule mrefu zaidi. Hali kadhalika, ukiambiwa kwamba pande mbili ni sentimita 5 na 9, unajua kwamba wa tatu ni mrefu kuliko sentimita 4 na mfupi kuliko 14, hata kabla ya kupewa habari nyingine yoyote.

Proclus, mwanafalsafa aliyeishi katika karne ya tano baada ya Kristo, anaeleza kwamba wafuasi wa Epicurus walimcheka Euclid kwa kuthibitisha jambo hili. Walisema hata punda analijua: akiwekwa kwenye pembe moja na majani kwenye pembe nyingine, huenda moja kwa moja bila ya kuzungukia pembe ya tatu. Wakazi wa Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mizigo katika vichochoro vya mji wa kale, hawatabisha. Hata hivyo jibu la Proclus lina uzito: kuona kwa macho kwamba jambo ni kweli si sawa na kujua kwa nini ni kweli.

Pembe kubwa hukabili upande mrefu

Fungua mlango kidogo, kisha uufungue zaidi. Kadiri pembe kwenye bawaba inavyopanuka, ndivyo umbali kati ya ukingo wa mlango na fremu unavyoongezeka. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu: katika pembetatu, upande mrefu kuliko yote hukabili pembe kubwa kuliko zote, na upande mfupi kuliko yote hukabili pembe ndogo kuliko zote. Pembe zikiwa nyuzi 40, 60 na 80, upande mrefu zaidi ni ule unaoikabili ya nyuzi 80.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Upande hurefuka pamoja na pembe, lakini haurefuki kwa kiwango kilekile. Chukua pembetatu sawa yenye pande za sentimita 10 na uikate katikati kutoka kileleni hadi kitakoni. Kila nusu ina pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Upande unaokabili nyuzi 90 una sentimita 10, na ule unaokabili nyuzi 30 una sentimita 5, kwa kuwa ni nusu ya kitako. Pembe ni mara tatu, lakini upande ni mara mbili tu. Upande wa kati, ambao ndio kimo, una takriban sentimita 8.7. Hesabu inayotawala uhusiano huu ni trigonometria, ambayo mwanafunzi hukutana nayo katika shule ya upili.

Pembe mraba na kamba ya mwashi

Pembetatu yenye pembe mraba ina upande mmoja mrefu unaoikabili pembe hiyo, nao huitwa kiegama. Ukizidisha kila mmoja wa pande mbili fupi kwa nafsi yake, kisha ukajumlisha, unapata kiegama kilichozidishwa kwa nafsi yake. Pande za 3, 4 na 5 ndizo mfano mashuhuri: 9 na 16 ni 25. Nyingine ni 5, 12 na 13, au 8, 15 na 17.

Kanuni hii hubeba jina la Pythagoras, Mgiriki wa karne ya sita kabla ya Kristo, lakini watu walikuwa wakiijua kabla yake. Bamba la udongo liitwalo Plimpton 322, linalohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, liliandikwa Babeli karibu mwaka 1800 kabla ya Kristo. Lina mistari 15 ya nambari zinazotokana na pembetatu za aina hii, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa.

Kanuni hii hufanya kazi kwa kurudi nyuma pia. Pande zikitimiza hesabu hiyo, pembe ni mraba. Kipeo cha pili cha upande mrefu kikipungua jumla ya vingine, kama katika 4, 5 na 6, pembe zote ni kali. Kikizidi, kama katika 4, 5 na 7, ipo pembe butu. Kwa hiyo unaweza kuijua pembe bila ya kipimapembe, kwa kupima urefu tu.

Mwashi anayepanga msingi wa nyumba hutegemea jambo hilohilo. Hupigilia kigingi kwenye kona, akapima futi 3 kwenye kamba moja na futi 4 kwenye nyingine, kisha akazisogeza kamba hadi umbali kati ya alama mbili uwe futi 5. Kona imekuwa mraba.

Sasa tuseme amekosea inchi moja, akapata futi 5 na inchi 1. Hesabu inaonyesha kwamba pembe imekuwa takriban nyuzi 92. Nyuzi mbili hazionekani kwa macho. Lakini ploti nyingi zinazouzwa viungani mwa miji yetu ni za futi 50 kwa 100, yaani karibu thumuni ya ekari. Ukuta ukivutwa futi 100 kutoka kwenye kona hiyo, mwisho wake utakuwa umepotoka kwa futi tatu na nusu. Inchi moja kwenye kamba imezaa kesi ya mpaka.

Dawa yake imo katika jiometri yenyewe. Pembetatu ya futi 30, 40 na 50 ina pembe zilezile za ile ya 3, 4 na 5. Fundi akikosea inchi ileile moja katika hiyo kubwa, ukuta wa futi 100 utapotoka kwa inchi nne hivi, si futi tatu na nusu. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huchora pembetatu kubwa kadiri uwanja unavyoruhusu, kisha wakapima mishazari miwili ya msingi kuhakikisha kwamba inalingana.

Umbo lisiloyumba

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Walijua pia kwamba mafiga matatu yanatosha.

Unganisha mbao nne kwa msumari mmoja kila kona, kisha usukume ubavuni. Umbo litalala, kwa kuwa pande zilezile nne zinaweza kuunda pembe nyingi tofauti. Unganisha mbao tatu kwa njia hiyohiyo na umbo halitasogea, maana pande tatu zikishawekwa pembe zimekwisha kuamuliwa. Pembetatu ndilo umbo pekee la mistari iliyonyooka lenye sifa hiyo. Kwa sababu hiyo lango la mbao hupigiliwa ubao wa mshazari, na fremu zinazobeba mabati ya paa, minara ya nyaya za umeme na hata kiunzi cha baiskeli hujengwa kwa pembetatu.

Swali linalofuata ni hili: ni habari gani zinatosha kuifahamu pembetatu nzima? Pande tatu zinatosha. Pande mbili na pembe iliyo kati yake zinatosha. Pembe mbili na upande mmoja unaojulikana mahali pake zinatosha.

Pembe tatu bila ya upande hazitoshi, kwa kuwa zinaeleza sura bila ya kueleza ukubwa. Pande mbili na pembe isiyo kati yake ni habari ya hatari, kwani zinaweza kuzaa pembetatu mbili. Chora pembe ya nyuzi 30, upande mmoja wake uwe sentimita 8, na upande unaoikabili pembe hiyo uwe sentimita 5. Ukizungusha bikari utaona kwamba inaukata mstari wa chini mahali pawili. Majibu yote mawili ni sahihi.

Kivuli cha mnazi

Pembe tatu hazielezi ukubwa, lakini udhaifu huo una faida yake. Pembetatu mbili zenye pembe zilezile zina pande zilizo katika uwiano mmoja, hata kama moja inaenea daftarini na nyingine inafika juu ya mti. Simika fimbo ya mita 1 wima kwenye uwanja tambarare. Ikiwa kivuli chake ni sentimita 80, na wakati huohuo kivuli cha mnazi ni mita 12, mnazi una urefu wa mita 15. Miale ya jua inaanguka kwa mwinamo mmoja, hivyo pembetatu hizo mbili zina sura moja. Husimuliwa kwamba Thales wa Mileto aliipima piramidi ya Misri kwa njia ya namna hii.

Maseno na Nanyuki

Tulisema nyuzi 180 ni kanuni ya ubao bapa. Dunia si bapa, na Wakenya wana mfano wa karibu. Ikweta inapita Maseno, magharibi mwa nchi, na pia Nanyuki, karibu na Mlima Kenya. Fikiria mtu anayetoka Maseno kuelekea kaskazini moja kwa moja, na mwingine anayefanya hivyo kutoka Nanyuki. Kila mmoja ameiacha Ikweta kwa pembe mraba, kwa hiyo ubaoni wasingekutana kamwe. Lakini watakutana kwenye Ncha ya Kaskazini, kwa pembe ya takriban nyuzi mbili na nusu. Jumla ya pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 182 na nusu.

Kanuni ya Euclid haijavunjika. Thibitisho letu lilitegemea mistari sambamba, na juu ya tufe njia zilizonyooka hazina usambamba wa aina hiyo. Anayejua thibitisho anajua pia linakoishia. Aliyekariri nambari tu hawezi kujua.

Kwa mtahiniwa na mzazi

Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watahiniwa walitakiwa kuchora maumbo na kuyapima ili wapate jibu. Katika KCSE huulizwa kuchora kwa rula na bikari pekee. Mtaala wa umilisi nao unasisitiza vitendo. Mitihani hubadilika majina, lakini maswali manne yafuatayo yatamfaa mwanafunzi katika mtaala wowote kabla ya kupiga mstari chini ya jibu lake.

Je, pembe tatu zina jumla ya nyuzi 180? Je, upande mrefu zaidi ni mfupi kuliko jumla ya vingine viwili? Je, upande huo unaikabili pembe kubwa kuliko zote? Je, habari nilizopewa zinatosha kwa pembetatu moja tu, au zinaruhusu mbili?

Mzazi asiye na bikari nyumbani anaweza kuanza na vijiti vitatu, kamba na jua la asubuhi. Amwambie mtoto abashiri kwanza, kisha apime, kisha aeleze sababu. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo jiometri yenyewe.